Ufunguo si Malipo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Mwishoni mwa mwaka 2020 tuliletewa suala katika darasa yetu na ndugu mmoja wa hapa Mombasa, aliyekuwa akifanya kazi Dubai kwa miaka mingi. Tulimjibu kwa kadiri ya ilmu yetu ndogo, wala hatukuandika kitu. Lakini tangu wakati ule tumeulizwa jambo hilo hilo tena na tena, na walioko Uingereza na walioko Ghuba, na hata wazee wanaowaulizia watoto wao. Kwa hivyo tumeona yafaa tuliandike, ili asiyepata kuuliza asome, na mwenye ilmu zaidi yetu atusahihishe.

Khabari yenyewe ni hii. Mwaka 2014 ndugu huyo alinunua fleti Dubai kwa dirham 1,000,000. Alitoa taslimu 250,000, na 750,000 alikopeshwa na benki, na fleti ikawekwa rahani kwa benki mpaka deni liishe. Alikaa humo na mkewe na watoto wake miaka sita, akilipa kila mwezi bila ya kukosa. Mwaka 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, kazi yake ikakatika, na ruhusa yake ya kukaa katika nchi ile ikawa yakaribia kwisha. Alipoziangalia hisabu zake aliona kuwa katika dirham 285,000 alizokuwa amelipa kidogo kidogo, 165,000 zilikuwa riba, na 120,000 tu ndizo zilizopunguza rasilmali. Alibakiwa na rasilmali 630,000, na juu yake riba na faini za miezi aliyochelewa, 20,000. Na fleti, kwa kuwa bei za huko zilikuwa zikishuka mfululizo tangu mwaka ule alionunua, haikupata mnunuzi wa zaidi ya 560,000.

Rafiki zake wakampa shauri. Wakamwambia: tia ufunguo katika bahasha, upeleke benki, kisha panda ndege uje zako kwenu. Benki imepata nyumba yake, na wewe umepata raha yako; Mombasa ni mbali, hapana atakayekufuata kwa hizo zilizobaki. Yeye akatuuliza: je, nikifanya hivyo nimeondokana na deni mbele ya Mwenyezi Mungu? Na la pili, ambalo alilisema kwa sauti ya chini: hapa Mjini Kale ana nusu ya nyumba aliyoiacha marehemu baba yake, na robo mbili zilizobaki ni za dada zake wawili, nao ndio wakaao humo. Je, yampasa kuiuza hiyo nusu yake ili alipe upungufu wa benki ya watu?

Shauri alilopewa si geni. Dubai iliwafungulia wageni mlango wa kumiliki nyumba katika mwaka 2002, na sheria ya mwaka 2006 ikaliweka jambo hilo imara. Watu wengi wakaingia, na wengi wao walinunua ili wauze kwa faida kabla hata jengo halijasimama. Yalipokuja matatizo ya fedha ya dunia mwishoni mwa mwaka 2008, bei zikaanguka takriban nusu kwa muda mfupi, na khabari zikaenea duniani za wageni walioyaacha magari yao kwenye uwanja wa ndege wakakimbia madeni. Walikimbia pia kwa khofu ya jela, kwani katika nchi ile hundi iliyorudi bila ya fedha ilikuwa ni kosa la jinai, mpaka sheria ilipolegezwa kuanzia Januari 2022. Basi mwenye kukimbia siku zile alikuwa na udhuru wa khofu. Lakini udhuru wa kukimbia jela si udhuru wa kulifuta deni. Hayo ni mambo mawili, na watu wetu wameyachanganya.

Tuanze na maana ya rahani, kwani hapo ndipo penye kosa. Mwenyezi Mungu ameitaja rahani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 283, mara tu baada ya ile aya ndefu ya kuandikiana madeni. Ameitaja kuwa ni kitu cha kumpa mdai utulivu pale pasipopatikana mwandishi. Rahani basi ni kitu cha kulilinda deni, wala si deni lenyewe, wala si bei yake. Na imepokewa kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, kuwa rahani haimpotei mwenyewe ikawa mali ya mdai kwa sababu tu muda umepita. Faida yake ni ya mwenyewe, na hasara yake ni juu ya mwenyewe. Kwa ajili hiyo maulamaa wetu wa Kishafi wamesema kuwa sharti ya kwamba muda ukifika kitu kiwe cha mdai ni sharti batili. Linalotakiwa ni kitu kiuzwe: kikizidi, kilichozidi hurudishwa kwa mwenyewe, kikipungua, kilichopungua hubakia shingoni mwake.

Tazama, ndugu yangu, jinsi hukumu hii ilivyo ya haki kwa pande zote mbili. Lau fleti ile ingepanda ikafika 1,500,000, je, ndugu yetu angepeleka ufunguo benki akasema: chukueni yote, na mlichozidishiwa ni chenu? Hasha. Angeuza, akalipa 650,000, akarudi kwao na kilichobaki, na sote tungempongeza. Basi mwenye kuitaka faida iwe yake peke yake, yampasa akubali na hasara iwe yake. Kuichukua nyumba inapopanda na kuitupa kwa mwenziwe inaposhuka, huko si kufanya biashara. Ni kumfanya mwenzio dhamana wa bahati yako bila ya ridhaa yake. Deni halipandi wala halishuki pamoja na soko. Uliyokopa ni dirham, na ulizoahidi kurudisha ni dirham. Ukuta na dirisha havikuwamo katika ahadi.

Huenda mtu akasema: mbona katika nchi nyingine mtu hurudisha nyumba na mambo yakesha? Twajibu: sheria za watu si moja, na yapasa kila mtu aujue mkataba wake. Katika California, huko Marekani, mtu aliyekopa ili anunue nyumba ya kukaa mwenyewe, sheria humzuia mkopeshaji asidai kitu zaidi ya nyumba hiyo. Mkopeshaji alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akakopesha juu yake. Basi mwenye kuitoa nyumba hakuvunja ahadi. Lakini Uingereza mambo ni mengine. Huko mtu akirudisha ufunguo kwa hiari yake, riba huendelea kuhisabiwa mpaka nyumba iuzwe, na upungufu hudaiwa. Sheria ya mwaka 1980 imeweka miaka 12 ya kudai rasilmali na miaka 6 ya kudai riba. Na Uhispania, ambako Waingereza wengi walinunua nyumba za pwani, sheria yao ya tangu karne ya kumi na tisa yasema kuwa mdeni huwajibika kwa mali yake yote, aliyonayo na atakayoipata, na sheria yao ya rahani ya mwaka 1946 haikuliondoa hilo. Ni baada ya watu wengi kutolewa majumbani mwao ndipo, katika mwaka 2012, walipowekewa mafakiri wao njia ya kutoa nyumba na kusamehewa kilichobaki. Na huko Dubai, kwa sheria ya mwaka 2008, benki hutoa ilani ya siku 30 kwa njia rasmi, kisha hakimu huamrisha nyumba iuzwe kwa mnada. Katika nchi hizi tatu za mwisho, kuacha ufunguo mezani hakulipi deni.

Nasi twasema zaidi ya hayo. Hata pale ambapo sheria ya watu haiwezi kumfikia mtu, kama alivyo huyu aliye Mombasa na mdai wake yuko Dubai, hisabu ya Akhera haina bahari wala mpaka. Iliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume wetu ili alisalie, naye akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa ana dinari mbili. Akarudi nyuma asisali, mpaka Abu Qatada alipozichukua dinari zile juu yake. Dinari mbili tu, ndugu zangu! Na imesihi kwamba shahidi husamehewa kila kitu ila deni.

Sasa tuzitazame hoja ambazo watu huzitoa.

Hoja ya kwanza ni kuwa benki ni tajiri, na wenyewe si Waislamu, basi haidhuru. Hoja hii yatosha kujibiwa kwa jambo moja: Mtume wetu alifariki dunia na deraya yake imewekwa rahani kwa Myahudi kwa pishi thelathini za shayiri. Hakusema kuwa huyu si katika sisi, wala hakukipokonya kitu chake kwa nguvu, naye alikuwa ndiye mkubwa wa mji. Na tena, fedha za benki si za wenye benki peke yao. Ndani yake mna amana za mwashi, na mjane, na dereva aliyeweka akiba ya kusomeshea watoto.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni riba. Ndugu yetu alisema: Mwenyezi Mungu ameharimisha riba, nami nimelipa riba 165,000, kwa nini nisizihisabu hizo kuwa ni rasilmali, nikawa nimelipa hata nimezidisha? Twasema: ni kweli kwamba riba si haki ya mwenye kuitoza. Aya ya 279 ya Al-Baqara yampa mdai rasilmali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe. Kwa hivyo zile 20,000 za riba na faini, ambazo bado hazijalipwa, hatuzioni kuwa ni deni mbele ya Mwenyezi Mungu. Ana haki ya kuziteta na kuomba zifutwe, na akilazimishwa na mahkama kuzilipa, dhambi ni ya aliyezichukua. Ama zile alizokwisha kulipa kwa mkono wake, kwa mkataba alioutia sahihi naye ajua kuwa riba ni haramu, na akakaa nyumbani miaka sita kwa mkataba huo, hilo ni jambo la kupelekwa kwa kadhi au mwanachuoni aliyebobea. Si jambo la mtu kujihukumia mwenyewe usiku, akafunga mizigo yake alfajiri. Mtu hawi mdeni na kadhi katika kesi moja. Na twamwuliza kwa upole: riba hii ilikuwa halali mwaka 2014 bei ilipokuwa juu, ikawa haramu mwaka 2020 bei ilipoanguka? Mwenye kutubia riba aanze kwa kujuta kuwa aliingia, si kwa kuifanya toba yake kuwa mlango wa kutokea.

Na aliyekopeshwa na benki zinazofuata sharia, hoja hii hana kabisa. Huyo autazame mkataba wake vizuri, kwani mara nyingine nyumba huwa ni ya benki yenyewe naye ni mpangaji mpaka amalize, na hukumu ya kuirudisha huwa nyingine.

Hoja ya tatu ni ya asiye na kitu. Hii si hoja ya kukatwa. Hii ni haki. Katika zama za Mtume wetu mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na balaa, madeni yakamwelemea. Mtume akawaamrisha watu wamsaidie kwa sadaka. Wakamsaidia, lakini hazikutosha kulipa deni lote. Ndipo alipowaambia wadai wachukue walichokikuta, na kwamba hawana zaidi ya hicho. Maulamaa wamefahamu kuwa hawana zaidi kwa wakati ule, na kilichobaki hungojewa mpaka Mwenyezi Mungu atakapomfungulia, kwani aya ya 280 imeamrisha mwenye dhiki angojewe mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Khabari hii yatufundisha mambo mawili. La kwanza, kufilisika si aibu wala si dhambi. Mtu yule hakutukanwa wala hakufungwa. La pili, hakukimbia. Alisimama mbele ya wadai wake, mali yake ikaonekana, nao wakajua walichopata na walichokosa.

Hapo ndipo penye tofauti kati ya kurudisha nyumba na kuitupa. Kurudisha nyumba kwa uwazi ni jambo la kiungwana. Mtu huiendea benki akasema: kazi yangu imekwisha, siwezi tena, hii nyumba, na hii mali yangu yote niliyonayo, tuandikiane. Wakikubaliana kuwa nyumba ichukuliwe mahali pa deni zima, na mdai akaridhika kwa hiari yake akaandika kuwa amesamehe kilichobaki, basi deni limekwisha duniani na Akhera, na hapana wa kumlaumu. Wakikubaliana iuzwe na kilichopungua kilipwe kidogo kidogo, hilo nalo ni jema. Lakini kutia ufunguo katika bahasha, na kubadilisha nambari ya simu, na kuwafundisha watoto waseme baba hayuko, huko ni kutoroka. Mtume wetu alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu na deni, na alipoulizwa sababu alieleza kuwa mtu akielemewa na deni husema akasema uwongo, na huahidi akavunja ahadi. Yaani hasara ya fedha ni ndogo. Hasara kubwa ni ile tabia inayozaliwa nayo.

Na ama mwenye uwezo, aliye na mshahara na mali nyingine, anayeitupa nyumba kwa sababu tu ameona kuwa deni limekuwa kubwa kuliko bei, huyo kucheleweshea kwake haki ni dhuluma kwa hadithi sahihi, sikwambii kuidhulumu kabisa.

Turejee kwa ndugu yetu na nusu yake ya nyumba. Hapa palikuwa na kimya kirefu darasani, kwani sote twajua nyumba ya baba ni nini katika mji huu. Tulimwambia hivi. Robo mbili za dada zako si mali yako, wala deni lako haliwezi kuzigusa. Na mdeni anayeweka rahani nyumba ya urithi kwa siri, huku dada zake wamelala ndani, amedhulumu mara mbili. Ama nusu yako ni mali yako kama dirham zilizo mfukoni. Katika madhehebu yetu kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa nyumba ya muflisi huuzwa katika deni lake, huachiwa nguo za kumfaa na chakula cha siku ile, yeye na walio juu yake. Na kwa Mahanbali huachiwa makazi ya kumtosha. Ukishika kauli ya pili kwa sababu huna pengine pa kulala, hatukulaumu. Lakini usiseme kuwa huna kitu huku unacho. Waambie dada zako kwanza, kwani wao ni washirika wako na ndio wenye haki ya kutangulizwa mbele ya mgeni.

Akakaa kimya, kisha akauliza: na watu watasema nini, kwamba nilikwenda Dubai miaka yote ile nikarudi kuuza nyumba ya baba? Mzee mmoja katika sisi akamjibu: watasema kwa mwezi mmoja. Deni lasema mpaka kaburini.

Alifanya alivyoweza. Aliiandikia benki barua, akaeleza hali yake yote. Ikachukua miezi ya kuandikiana, mwisho fleti ikauzwa kwa ridhaa ya pande mbili kwa 560,000, na benki ikafuta riba na faini zile 20,000. Zikabaki 70,000, zaidi kidogo ya shilingi milioni mbili za Kenya kwa wakati ule. Dada mmoja aliuza dhahabu zake akanunua sehemu ya nusu ile kwa bei ya haki, iliyoandikwa na kushuhudiwa, na zilizobaki ndugu yetu alizilipa kwa mafungu kutokana na kazi aliyoipata bandarini. Hakubaki na nusu ya nyumba. Amebaki na sehemu ndogo. Lakini anayo karatasi ya benki isemayo kuwa hadaiwi, nayo ameiweka pamoja na wasia wake.

Kisha Mwenyezi Mungu akatuonyesha jambo jingine. Bei za Dubai zilianza kupanda tena tangu mwaka 2021, na kufikia mwaka 2024 zikapita kilele cha mwaka 2014. Wako waliomcheka kwa kuuza, na wako waliowacheka waliokimbia. Sisi hatumcheki yeyote, kwani bei imo mkononi mwa Mwenyezi Mungu, na ndugu yetu hakulipa kwa kuwa alijua kesho itakuwaje. Alilipa kwa kuwa alidaiwa.

Tumalizie kwa nasaha kwetu sote. Watu wetu wamezoea kumhisabu mtu kwa nyumba aliyonunua ng'ambo, wala hawamwulizi ameinunua kwa nini na kwa muda gani. Kijana akisikia sifa hizo hujitwika deni la miaka ishirini na mitano juu ya kazi ya mkataba wa miaka miwili. Wahenga walikwisha sema: kukopa harusi, kulipa matanga. Mwenye kutaka kununua na aulize kabla ya kutia sahihi: kazi ikikatika, nitaitoaje nyumba hii? Bei ikianguka, kilichopungua kitatoka wapi? Asiyekuwa na jibu la maswali haya mawili, kukaa kwake kwa kodi ni heshima kubwa kuliko kumiliki kwake.

Na aliyekwisha ingia, asikate tamaa. Imepokewa kwamba mwenye kuchukua mali za watu naye anakusudia kuzilipa, Mwenyezi Mungu humlipia. Basi la kwanza ni kuisahihisha nia, na la pili ni kuonekana, na la tatu ni kulipa ulichonacho, japo ni kidogo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuepushe na riba na uzito wa madeni, awafungulie waliodhikika, na atufishe hali ya kuwa hapana kiumbe anayetudai. Amin. Wallahu aalam.